Sumaku Katika Ubao wa Bao

Kila aliyesoma kemia katika shule hii ameiona rangi ile. Unatia matone ya ferosianidi ya potasiamu katika maji yenye chumvi ya chuma, na mara hutokea buluu nzito. Unaandika daftarini kwamba chuma kimo, unaosha mirija, unakwenda kula. Wachache wetu wajua kwamba buluu ile, iliyotengenezwa kwanza Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ni sumaku. Ni sumaku kwa sharti moja tu: ipozwe mpaka digrii 5.6 za Kelvin, yaani zaidi ya digrii 267 chini ya sifuri.

Sumaku za ukoo huu huitwa sumaku za molekuli. Hazitoki katika tanuri kama chuma. Huzaliwa katika chupa. Ndani yake atomu za madini ni kama sindano ndogo za dira, na kila sindano huvutwa na jirani zake ielekee upande wao, huku joto likizitikisa zote. Mvuto ukishinda, una sumaku. Joto likishinda, una rangi tu. Katika buluu yetu sindano zimekaa mbalimbali na mvuto ni dhaifu. Mwaka 1995 Michel Verdaguer na wenzake wa Paris walitumia vanadi na kromi mahali pa chuma, wakapata ndugu yake anayebaki sumaku mpaka Kelvin 315. Hizo ni digrii 42 za Sentigredi, joto ambalo hata mchana wa Kampala haulifikii.

Siku hizi wataalamu huziiga sindano hizo katika kompyuta, wapate kujua zitafanya nini. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Nasikia wanafunzi wa zamani wanatuchangia kompyuta, nasi twawashukuru sana. Lakini katika mdahalo wetu wa muhula huu mwenzetu mmoja alisema kwamba mashine zikija, fedha za kemikali zikatwe, kwa kuwa mashine itajua yote. Mwingine akajibu kwamba elimu hiyo ni ya mataifa makubwa, sisi tungoje. Nawapinga wote wawili, maana naona hawajui mashine ile hufanya nini.

Chukueni ubao wa bao, au omweso kama tunavyouita hapa Uganda. Una mashimo 32. Shimo lenye kete liwe sindano inayotazama juu, shimo tupu liwe inayotazama chini. Je, ubao huu waweza kupangwa kwa namna ngapi? Namna 4,294,967,296. Mtu akitazama namna moja kila sekunde, bila kulala, atamaliza baada ya miaka 136. Na hayo ni mashimo 32 tu. Punje moja ya ile buluu ina sindano zisizohesabika.

Njia ya kuepuka kazi hiyo ilitolewa mwaka 1953 na watu watano waliofanya kazi Los Alamos, Marekani: Nicholas Metropolis, Marshall na Arianna Rosenbluth, Augusta na Edward Teller. Arianna ndiye aliyeiandikia maagizo mashine yao, MANIAC, ingawa kanuni yenyewe imebaki na jina la Metropolis peke yake. (Dada zetu wanaosoma ukurasa huu walikumbuke jina hilo.)

Mimi na wenzangu wawili tuliifuata kanuni hiyo kwa mikono. Tuliandika namba 1 mpaka 32 juu ya vikaratasi, tukavitia katika kopo. Unatoa kimoja, unalitazama shimo lake na jirani zake wanne: wa juu, wa chini, wa kulia, wa kushoto. Shimo la ukingoni huhesabu la ukingo wa pili kuwa jirani. Wanaofanana nalo wakiwa wawili au pungufu, ligeuze: tia kete au iondoe. Wakiwa watatu, tupa dadu. Ligeuze ikiwa tu umepata sita. Wakiwa wote wanne, lazima upate sita mara mbili mfululizo. Kisha unarudisha kikaratasi, unaanza tena.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Dadu ndiyo joto. Ukipima joto kwa nguvu ya mvuto wa jirani, dadu moja ni sawa na 2.23. Mwaka 1944 Lars Onsager alithibitisha kwa hesabu kwamba uwanja mpana wa sindano za namna hii hupoteza usumaku kwenye 2.27. Basi kwa dadu tulikuwa karibu kabisa na mpaka, nao ubao ulionyesha hivyo: kete zilikusanyika makundi makubwa, zikatawanyika, zikakusanyika upande mwingine. Tulipotumia sarafu badala ya dadu joto lilipanda mpaka 5.77, na kete zikazagaa bila mpango wowote. Padre alipoingia na kukuta dadu na fedha juu ya meza, ilitubidi kueleza haraka sana.

Mtasema mashimo 32 si buluu ya Berlin. Ni kweli. Sindano halisi zaweza kuelekea pande nyingi, si juu na chini tu, nazo zimejaa katika urefu, upana na kina. Kwa kazi hiyo kompyuta yahitajika, wala sisemi isinunuliwe. Lakini mashine haina jicho la kuangalia ndani ya chupa. Lazima iambiwe jirani anavuta kwa nguvu gani. Wataalamu huikadiria nguvu hiyo kwa hesabu za elektroni, na mwisho makadirio hayo hupimwa kwa kitu kilichotengenezwa mezani. Tukikata fedha za chupa ili tununue mashine, tutakuwa na mashine inayojibu vizuri maswali ambayo hatukuyauliza.

Kwa hiyo naomba fedha za kemikali zisiguswe, na asikalishwe mwanafunzi mbele ya kompyuta hizo kabla hajageuza kete mia mbili kwa mkono wake. Ubao wetu uko katika chumba cha fizikia kila Jumamosi baada ya kazi za nje. Anayekuja aje na dadu, maana yetu imepotea.