Kabla ya kununua kitu cha muziki, muulize kwanza fundi wa soko

Juzi, mbele ya stesheni ya treni, mama mmoja alinisimamisha. «Papa mwandishi, kijana wangu anataka kitu cha kusikilizia muziki. Nina pesa kidogo za mahindi niliyouza. Nimnunulie nini?» Mama huyu ametoka upande wa Bukama, ambako maji ya Lualaba yalichukua nyumba yake. Sasa anakaa kwa shemeji yake hapa mjini: vyumba viwili, watu kumi na mmoja.

Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekaa pembeni akaingilia: «Mama, mtu aliyekimbia maji ananunua unga, hanunui muziki.» Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nataka kumjibu mzee wetu hapa, kwa heshima yote, kisha nimjibu mama.

Mzee, unga kwanza, hakuna anayebisha. Lakini fikiria kijana huyo. Asubuhi anatembea mwendo mrefu kwenda shuleni, jioni anarudi mahali ambapo hana mlango wake wa kufunga. Nyimbo za kanisa la kijijini kwao ni kati ya vitu vichache ambavyo maji hayakuchukua. Halafu kuna jambo la pili. Kitu hicho hicho kinachoimba, kikichaguliwa vizuri, ndicho kinacholeta habari. Kipindupindu hakijatoka katika sehemu yetu ya maziwa, kuanzia Bukama kupita Kinkondja mpaka Malemba-Nkulu, na tangazo la kutia dawa katika maji ya kunywa linapita kwenye redio kabla halijafika kwa mdomo wa jirani. Habari za barabara, za treni iliyokwama, za wenye kurudi vijijini, zote zinapita huko. Familia iliyohama inahitaji habari kuliko sisi wenye nyumba, kwa sababu ndiyo inayotakiwa kuamua kila wiki: tubaki au turudi?

Kwa hiyo sharti langu la kwanza halina mjadala. Kitu chochote utakachonunua kiwe na redio ndani yake. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inatangaza pia kwa Kiswahili na kwa Kiluba cha Kasai, na redio zetu za mjini zinajulikana na kila mtu. Hazikuombi megabaiti hata moja.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka michache iliyopita nilinunua bafle ya Bluetooth yenye taa za rangi zinazocheza. Sauti yake iliweza kuamsha avenyu nzima, na niliona fahari. Haikuwa na redio. Batri yake ilikuwa imefungiwa ndani kwa waya za kulehemu. Baada ya miezi kadhaa ikaanza kuzima kila baada ya nyimbo tatu. Nikaipeleka kwa fundi wa soko. Akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu, akasema: «Batri ya umbo hili sijaiona hapa Kamina.» Leo watoto wanaisukuma uwanjani kama gari.

Fundi huyo ndiye aliyenifundisha. Alivuta droo yake akatoa batri ndogo bapa ya Nokia, ile iliyoandikwa BL-5C. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na telefone nyingi ndogo zilizoifuata zilitumia batri hiyo hiyo. Telefone zenyewe nyingi zimekufa, lakini batri yake imebaki, na viwanda vya China vinaiweka katika redio ndogo zenye nafasi ya kadi na ya flashi. Ikichoka, unaifungua kwa ukucha, unanunua nyingine kwenye meza yoyote ya vifaa vya telefone, unaendelea. Huhitaji hata fundi. Ila jihadhari na batri iliyovimba: iweke juu ya meza iliyo sawa, uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, irudishe kwa mwenyewe.

Hapa kwetu mtu akinunua baiskeli hatazami rangi. Anauliza: mpira wake unapatikana? Cheni yake? Fundi wa njiani ataiweza? Sielewi kwa nini mtu huyo huyo, akifika kwenye meza ya redio, anasahau akili hiyo yote na kuchagua inayong'aa.

Basi jibu langu kwa mama ni karedio kadogo, kama tunavyokaita: FM, nafasi ya kadi, batri ya kutoa na kurudisha, na tundu la ekutere. Hilo tundu litazame kwa macho yako, maana kuna redio zisizokuwa nalo. Kama utapata yenye masafa mafupi pia, yaani SW, ongeza pesa kidogo uichukue, hasa kama unafikiria kurudi kijijini. FM ya mji haifiki mbali. Aliyepanda treni ya SNCC kwenda Kabalo au Ilebo anajua: ukitoka Kamina, baada ya muda redio inaanza kukwaruza, kisha inabaki upepo tu, na safari bado ina siku mbele. SW ndiyo iliyowaletea wazazi wetu Deutsche Welle kwa Kiswahili tangu 1963, porini kabisa, bila mnara wowote karibu.

Wengine wataniambia telefone inatosha. Kwa mwenye telefone ndogo ya vitufe yenye redio na kadi, kweli, inatosha, na mimi singemshauri anunue kitu kingine. Lakini telefone kubwa ya kioo ni shauri jingine. Nyingi za siku hizi hazina redio ya FM, na zile zilizo nayo zinataka ekutere za waya, kwa sababu waya huo ndio antena. Ekutere za Bluetooth hazifanyi kazi hiyo. Tena telefone kubwa inakula chaji. Tupige hesabu: ukilipa franka 500 kila unapochaji kwenye kibanda cha jenereta, na kitu chako kinadai chaji kila siku, kwa mwezi umetoa franka 15.000. Kikidai kila baada ya siku tatu, umetoa 5.000. Tofauti hiyo, kwa miezi michache, ni redio nyingine.

Kuhusu redio zenye pano ya jua mgongoni, usiamini sana. Pano ya ukubwa wa kiganja inatoa umeme kidogo mno, na kuijaza batri kunaweza kula siku nzima ya jua kali. Ni msaada wa dharura. Tena ukiiacha redio yenyewe juani kutwa, joto linaiua batri unayotaka kuijaza. Afadhali familia mbili tatu zichange zinunue pano moja ya kando yenye tundu la USB. Batri ikae kivulini, pano ikae juani. Na mapile ya zamani, yale makubwa ya R20, msiyadharau. Yanagharimu, ndiyo, na yakiisha unayatupa, lakini pile ambayo haijatumika inangoja kabatini hata miaka. Redio inayokubali pile na chaji pia, ukiipata kwa bei nzuri, usiondoke mezani.

Na mwenye ndugu Ubelgiji anayetaka kumtumia iPod ya zamani amwambie asante, atume kadi. Kuiwekea iPod nyimbo kunataka kompyuta na programu yake, na Apple wenyewe waliacha kuitengeneza mwaka 2022.

Sasa kadi. Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa. Wimbo wa dakika 4 katika MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, unachukua megabaiti 4 hivi. Kadi ya gigabaiti 8 inabeba basi karibu nyimbo 2.000, yaani zaidi ya saa 130 za muziki, siku tano usiku na mchana bila kurudia. Nani ana haja ya zaidi? Lakini vijana wanakimbilia kadi zilizoandikwa 64 au 128. Kwanza, redio ndogo nyingi hazisomi kadi inayopita gigabaiti 32, kwa sababu zile kubwa zimepangwa kwa namna nyingine ambayo redio haiijui. Pili, nyingi za bei ya chini ni za uongo. Mimi nilinunua moja dukani, imeandikwa 64. Nyimbo zilionekana zote kwa majina, nikafurahi. Zile za mwanzo ziliimba. Zilizobaki zilikuwa majina matupu. Tangu siku hiyo nanunua 8, najaza mpaka mwisho, kisha nachezesha wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho mbele ya muuzaji. Akikataa, naondoka.

Nirudi kwenye vile vyumba viwili, kwa sababu hapo ndipo naona jambo kubwa kuliko mashine yenyewe. Nimetembelea nyumba nyingi zilizopokea ndugu, na ugomvi ninaosimuliwa hauanzii kwenye chakula kila mara. Unaanzia kwenye kelele. Mwenye nyumba anaamka saa kumi kwenda shambani, mgeni kijana anataka muziki saa nne za usiku. Mwenye nyumba hasemi kitu mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu anasema maneno ambayo hayakuhusu muziki: «Nyumba hii si yenu.» Maneno hayo yakitoka, hata redio ikizimwa, hayarudi. Kwa hiyo kwa familia iliyopokelewa, ekutere si pambo. Nunua za waya, za bei ndogo, na ununue jozi mbili, kwa sababu moja itakatika. Watoto wawili wanaweza kugawana, kila mmoja na sikio lake.

Ila usiku, chini ya blanketi, sauti inapandishwa bila mtu kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri usipite desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Nyumbani hatuna kipimo cha desibeli, basi tumia hiki: kama aliyelala pembeni yako anaweza kuutambua wimbo unaotoka katika sikio lako, punguza. Sikio likiharibika kwa kelele, halirudi kuwa lilivyokuwa. Na wewe unayepanda baiskeli asubuhi, acha sikio moja wazi. Lori linalokuja nyuma yako halitakuimbia kwanza, na wa pikipiki wetu mnawajua.

Baki moja, nayo ni ya moyoni mwangu. Tunazungumza juu ya mashine, lakini ndani ya kadi tunatia nini? Wiki iliyopita nilikaa kwa kijana anayejaza nyimbo, mwenye kompyuta na jenereta ndogo. Alikuwa na kila kitu: za Kinshasa za mwezi huu, za Nigeria, za Tanzania, kwaya za Lubumbashi. Nikamwomba Missa Luba. Hakuwahi kuisikia.

Ilizaliwa hapa. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya kwaya ya wavulana 45 hivi na walimu 15 hivi hapa Kamina. Misa yao kwa Kilatini waliiimba kwa sauti na ngoma za kwetu, bila kuandikiwa noti. Waliitunga kwa kuiimba. Mwaka 1958 walikwenda Ulaya, na mwaka huo huo ikarekodiwa. Sahani hiyo ikazunguka dunia. Waingereza waliitia katika filamu mwaka 1968. Wakenya wa Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, waliirekodi upya mwaka 1990. Watu wa mbali wanaijua Kamina kwa sauti ya watoto wa Kamina, na mtoto wa Kamina analipa franka kujaziwa nyimbo 500 bila hiyo hata moja.

Mimi nilikuwa nayo katika kadi yangu. Nikamchezeshea Sanctus. Akaacha kupokea wateja kwa dakika mbili, akauliza: «Hii ni kwaya ya wapi?» Nikamwonyesha kwa kidole chini, hapa tulipokaa. Akadhani namtania. Tulipomaliza kubishana akainakili katika kompyuta yake, akaipa faili jina «Kamina ya zamani», akairudisha kadi yangu na kunidai bei ile ile ya kila siku.

Mama wa Bukama alinunua karedio Jumamosi. Ni keusi, hakana taa hata moja, na kijana, nimeambiwa, alinuna mpaka jioni.