Daftari la Nyumba ni la Watu Wote

Visiwa vyetu huishi kwa misimu, lakini chungu hutelekwa kila siku. Mkulima wa Pemba hupata sehemu kubwa ya fedha zake katika miezi michache ya uchumaji wa karafuu. Mvuvi hutegemea maji na upepo, na kusi ikivuma kwa nguvu ngalawa yake hukaa pwani. Mfanyakazi wa Serikali naye hungojea mwisho wa mwezi. Mchele, mafuta na sabuni havingojei msimu. Pengo hili baina ya siku ya pato na siku ya matumizi huzitia nyumba nyingi katika madeni, na kwa maoni yetu haliwezi kuzibwa na mtu mmoja anayehesabu peke yake.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba nyingi ni desturi mume kutoa fedha za sokoni kila asubuhi, na mke kuzitumia bila ya kujua kilichobaki. Lakini hali imebadilika. Tangu kilimo cha biashara cha mwani kilipoanza huko Paje na Jambiani mwaka 1989, maelfu ya wanawake wamekuwa na pato lao wenyewe. Tangu Aprili 2016, wazee waliotimiza umri wa miaka 70 hupokea pencheni jamii. Nyumba moja huweza kuwa na mifuko mitatu, na kila mwenye mfuko asijue kilichomo katika mfuko wa mwenziwe.

Matokeo yake tunayaona. Mume hukopa dukani ilhali mke anangojea zamu yake ya upatu wiki ijayo. Mke hununua vyombo mwezi ule ule ambao sare za skuli zinahitajika. Shida ikizidi, mwenye shamba hukodisha mikarafuu yake kwa bei ya chini kabla ya kuchumwa, au hushawishika na wafanya magendo. Hapo hasara si ya nyumba peke yake, bali ni ya Taifa.

Hatusemi kwamba mali ya mke iwe ya mume. Sheria ya dini inayofuatwa na wananchi walio wengi hapa imeweka nafaka juu ya mume, na mali ya mke ikabaki yake. Kushauriana si kunyang'anyana. Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara imetaja mashauriano ya wazazi hata katika kumwachisha mtoto ziwa, seuze katika chakula na masomo ya watoto wote!

Tuchukue mfano. Nyumba inayopika kilo moja na nusu ya mchele kwa siku hutumia kilo 45 kwa siku 30, yaani karibu polo zima la kilo 50. Anayenunua kilo moja moja, tena kwa mkopo, kwa kawaida hulipa zaidi ya anayenunua polo kwa mara moja. Lakini polo halinunuliki mpaka fedha zikutanishwe na wenye nyumba wakubaliane. Inatosha familia kukaa pamoja mara moja kwa mwezi, na tena fedha za msimu zinapoingia, ikaandika: chakula, madeni, skuli, matibabu, kisha akiba. Sikukuu na harusi zisingojewe zifike ndipo zitafutiwe fedha. Watoto wakubwa nao wawepo, ili anayeambiwa asubiri viatu vipya aijue sababu.

Watendaji wa Serikali nao wana wajibu. Familia haiwezi kupanga fedha ambazo siku yake haijulikani. Mshahara, pencheni au malipo ya zao yakichelewa, daftari lililoandikwa vizuri huvurugika. Bei ya karafuu iliyopandishwa mwaka 2011 ilimpa mkulima moyo. Kinachomwezesha kupanga ni kuitambua bei mapema na kulipwa pale pale anapokabidhi zao lake. Aidha, mabwana shamba na masheha wanapokutana na wananchi kabla ya msimu, wasizungumzie uanikaji tu, bali wazungumzie pia matumizi ya fedha zitakazopatikana.

Tunawahimiza wananchi wa Unguja na Pemba waanze na daftari moja na kalamu moja. Na tunawahimiza viongozi waanze katika nyumba zao wenyewe.