Nani anamsomesha kijana wetu: chuo au simu?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka, masika yanapokwisha na mpunga kuvunwa katika bonde la Kilombero, magunia hutoka mashambani kwa wingi na bei hushuka, kwani wakulima wote huuza kwa wakati mmoja. Wengine hulazimika kuuza kwa lumbesa, wakijua wazi kuwa wanadhulumiwa. Kwa nini wasisubiri bei ipande? Kwa sababu chuo hakisubiri. Mzazi wa Mngeta, Mlimba, Lupiro au Malinyi ana kijana anayedaiwa ada, kodi ya chumba, chakula na vitabu. Na siku hizi limeongezeka deni jingine lisiloandikwa katika barua ya kujiunga na chuo, nalo ni kifurushi cha intaneti.

Tunawauliza wazazi, vijana na viongozi wa misikiti yetu: fedha ile ya mpunga inanunua nini? Inanunua elimu, au inanunua usiku mzima wa kutazama video fupi katika TikTok na kubishana katika makundi ya WhatsApp?

ELIMU ILIYOOKOA WATOTO WA BONDE HILI

Ifakara ni mji wa elimu, na hasa elimu ya afya. Hapa ipo taasisi ya utafiti inayojulikana duniani, ambayo asili yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na wataalamu kutoka Uswisi katika miaka ya 1950. Hapa wanafundishwa madaktari, matabibu na wauguzi wanaotawanyika nchi nzima.

Katika miaka ya 1990, bonde hili lilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa vyandarua vilivyotiwa dawa, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wakusanya takwimu walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amehama. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 yalionesha kuwa kunusurika kwa watoto wa umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kuliongezeka kwa asilimia 27 miongoni mwa waliotumia vyandarua hivyo. Tarakimu hiyo haikupatikana kwa kupitisha kidole juu ya kioo. Ilipatikana kwa watu kutembea katika matope, kuuliza, kuandika, kuhesabu na kurudia hesabu kwa miaka.

Tunalitaja hili ili ieleweke kuwa tunalozungumzia si adabu za vijana tu. Ni uhai wa watu. Kijana anayesomea utabibu leo ndiye atakayekabidhiwa kesho zahanati ya kijiji ambayo daktari yuko mbali nayo mwendo wa nusu siku. Usiku huo ataletwa mtoto mwenye degedege, na mama yake hatauliza tabibu ana wafuasi wangapi Instagram. Atamtazama usoni akitaraji kuwa anajua dozi kwa uzito wa mtoto. Aliyelisoma somo hilo huku simu ikimwita kila dakika mbili, je, atalikumbuka?

BIASHARA YA MUDA WA WATU

Tusidanganyane kwamba jambo hili limetokea kwa bahati mbaya. Mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii, mwanafunzi aliyetaka intaneti alikwenda kukaa katika duka la kompyuta, akalipa kwa saa, akafanya lililompeleka, akaondoka. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huohuo WhatsApp ikaanzishwa Marekani. Simu zikashuka bei, vifurushi vikaja, na duka lile likahamia mfukoni. Sasa hakuna anayekuja kumwambia kijana kuwa saa yake imekwisha.

Kampuni zenye mitandao hii hazimtozi mwanafunzi ada. Zinapata fedha kwa matangazo, na thamani ya tangazo inategemea mtumiaji amekaa muda gani akitazama. Ndiyo maana video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, na ukurasa hauna mwisho wa kufikia. Mwezi Novemba 2017, Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri hadharani kwamba waanzilishi walikuwa wakifikiria namna ya kuchukua muda na fikra za watu kwa kadiri inavyowezekana, na kwamba walijua kuwa wanatumia udhaifu wa nafsi ya mwanadamu. Mwenye mtego amekiri. Je, ndege bado anabisha kuwa hakuna mtego?

Na muda ndiyo rasilimali ambayo Allah (S.W.) ameiapia katika Surat Al-'Asr, akabainisha kuwa mwanadamu yumo katika hasara isipokuwa wenye kuamini, kutenda mema, kuusiana haki na kuusiana subira. Naye Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo. Kijana wa chuo anazo zote mbili. Hatazipata tena kwa pamoja maishani mwake.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wako watakaotuambia kuwa tumepitwa na wakati. Watasema simu ni maktaba, na kijana anajifunza humo mengi kuliko darasani. Wengine, wa upande wa pili, watasema dawa ni moja tu: simu ni fitina, zivunjwe. Pande zote mbili hatukubaliani nazo, na hoja yetu tunaitoa katika utafiti.

Reynol Junco, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio kwa wanafunzi 125 wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakijiandaa kwa fani za afya. Kundi moja lilitumia Twitter kwa kazi za masomo chini ya uongozi wa walimu: mijadala ya kitabu, maswali na kukumbushana kazi. Kundi hilo lilishiriki zaidi katika masomo na likapata alama nzuri kuliko kundi la pili. Basi anayesema mtandao hauna kheri yoyote kwa mwanafunzi, hakusema kweli.

Lakini mwaka uliofuata mtafiti huyohuyo alichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,839 kuhusu Facebook. Waliotumia muda mwingi humo walielekea kuwa na wastani wa chini wa alama, ilhali tabia ya kushirikishana viungo vya habari iliambatana na alama za juu. Ni kweli kuwa uchunguzi wa namna hii hauthibitishi peke yake kipi ni sababu na kipi ni matokeo. Hata hivyo, ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, unapata funzo lililo wazi: mtandao wenye mwalimu, kazi na mpaka unaweza kufaa, mtandao usio na lengo unakula umri.

Na mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliripoti kuwa watu walioacha simu zao chumba kingine walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko walioziweka mezani, hata kama simu zilikuwa kimya. Tafiti zilizofuata hazikupata matokeo yanayolingana zote, lakini kuiweka simu chumba cha pili hakumgharimu mtu hata senti moja. Mwenye akili ajaribu mwenyewe kwa wiki mbili.

KIJANA WA KIISLAMU ANA DENI ZAIDI

Waislamu wa nchi hii wanaujua uchungu wa kukosa vyuo. Jumuiya ya EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule za Waislamu Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005. Kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka 37. Kizazi kizima kililia kwa kukosa nafasi, na kilikuwa na haki ya kulia. Leo kijana wa Kiislamu ameipata nafasi, iwe Morogoro, iwe Ifakara, iwe kwingineko, kisha anaitoa sadaka kwa kampuni ya ng'ambo isiyomjua hata jina lake! Tutamlalamikia nani safari hii?

Yupo pia anayesoma kwa mkopo wa serikali. Bumu likiingia, sehemu yake inakwenda katika vifurushi. Akumbuke kuwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka mnufaika aliyeajiriwa akatwe asilimia 15 ya mshahara wake. Video anayoitazama leo bure, atailipia kwa miaka.

MIMBARI NAZO ZISEME

Tunasema kwa uwazi: khutba zetu zinapoigusa simu huzungumzia picha chafu, kisha huishia hapo. Kijana asiyetazama uchafu hutoka msikitini ameridhika na nafsi yake, ilhali usiku huohuo atapoteza saa nne katika upuuzi wa halali. Upuuzi nao ni maradhi. Waumini wamesifiwa katika Surat Al-Mu'minun kwa kujiepusha nao.

Baya zaidi ni upuuzi unaovaa kanzu. Video za masheikh wakiraddiana zinazungushwa kutoka kundi hadi kundi, na mwanafunzi mwenye mtihani wa famasia asubuhi anakesha akiamua nani ni mzushi na nani yuko katika haki. Anadhani yumo katika jihadi ya elimu. Hayumo katika elimu ya dini, kwa kuwa hana mwalimu wala kitabu; na hayumo katika elimu ya chuo, kwa kuwa kitabu kimefungwa.

Vivyo hivyo kwa habari zisizo na mwenyewe. Chanjo ya UVIKO-19 ilipozinduliwa nchini Julai 2021, uvumi wa kila namna ulizunguka katika simu. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Ikiwa mwanafunzi wa afya naye husambaza kabla ya kuhakikisha, amefaulu somo gani?

LA KUFANYA

Kulalamika peke yake hakujengi. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Mzazi aulize matokeo ya kila muhula kama anavyouliza bei ya mpunga. Akubaliane na mwanawe kiasi cha fedha ya kifurushi, wala asione haya, kwani jasho ni lake.

2. Mwanafunzi azifanye Swala tano kuwa mipaka ya siku yake. Baada ya Alfajiri mpaka wakati wa vipindi, na baada ya Isha kwa saa mbili, asome na simu ikiwa chumba kingine.

3. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu ziwe na kundi moja la masomo tu: muhtasari, maswali ya mitihani iliyopita na ratiba. Atakayeleta raddi au uvumi aonywe, akirudia atolewe.

4. Kila msikiti ulio karibu na chuo utenge chumba cha kusomea chenye meza, taa na vitabu, na sanduku la kuwekea simu mlangoni. Mwenye uwezo aweke wakfu taa au kitabu. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

5. Maimamu waisome saa ya kijana kama wanavyousoma mfuko wake wa Zaka: imetoka wapi, imekwenda wapi.

Ndugu Waislamu, mkulima wa bonde hili huketi katika dungu usiku kucha akilinda mpunga usiliwe na nguruwe. Shamba la akili ya mwanawe linaliwa kila usiku, na hakuna aliyeketi dunguni. Tukeni mlinde. Siku ya Kiyama kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi vijana wetu na ghafla ya dunia, na abariki jasho la wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.