Draiva Kwanza, Mfumo Baadaye

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Methali hii huhusishwa na nafaka na fedha, lakini inaifaa pia tarakilishi ya mwanafunzi.

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wana sababu ya kuweka mfumo endeshi upya. Mazoea ni kufuta kila kitu, kuweka mfumo, kisha kuanza kutafuta draiva. Mpangilio huo ni wa kugeuzwa.

Draiva ni mkalimani kati ya mfumo endeshi na vifaa kama kadi ya sauti au ya mtandao. Mkalimani akifutwa, kifaa kizima huwa bubu. Kadi ya mtandao ndiyo mtihani mkubwa: bila draiva yake hakuna intaneti, na bila intaneti draiva haipakuliki. Mkazi wa Nairobi hukimbilia duka la jirani. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka huko, na Mandera ni mbali zaidi. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anayekamilisha tasnifu, kila siku ya kusubiri ni hasara.

Wapo watakaodai kuwa mifumo ya kisasa hujitafutia draiva. Ni kweli, ila mara nyingi huzitafuta mtandaoni, na mtandao ndio uliokatika. Simu yaweza kuokoa, mradi kifaa kinachokosa draiva kimetambuliwa. Kwa hiyo, kabla ya kufuta, hapana budi kuandika jina na modeli ya tarakilishi pamoja na namba za utambulisho wa vifaa, zile zenye herufi VEN na DEV.

Akiba yenyewe ni nyepesi. Katika Windows 10 na 11, msimamizi wa tarakilishi huunda folda kwenye flashi, kisha huandika amri hii:

pnputil /export-driver * D:\Draiva

D ikiwa ndiyo herufi ya flashi, draiva zilizoongezwa juu ya zile za Windows hunakiliwa humo. Anayehamia Linux asizitegemee. Kila mfumo una wakalimani wake. Tasnifu nayo inakiliwe kando.

Mwaka 2004, Jambo OpenOffice, iliyotolewa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kuwa tarakilishi yaweza kuzungumza Kiswahili. Vyama vya Kiswahili vina wajibu wa kuandika maarifa kama haya kwa lugha hiyo, yabandikwe penye tarakilishi, kwani tahadhari hutangulia hatari.