Mganga Hajigangi

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Hayo yawahusu madaktari wanagenzi wa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, tegemeo la wakazi wa Umoja, Kayole na Komarock.

Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu sana ajira na malipo ya wanagenzi. Malipo ni haki yao, lakini mshahara haununui usingizi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma, hatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35 ile ya afanyaye saa 35 hadi 40. Kijana akeshaye wodini, akala chapati kwa chai akiwa amesimama, huzipita saa hizo upesi.

Yafaa, basi, ukomo wa zamu uwekwe na ufuatwe. Wakufunzi wasiuhesabu uchovu kuwa ushujaa. Nanyi wanafunzi mnaolitamani koti jeupe, zoeeni mapema kula na kulala ipasavyo. Mkono wa daktari ukitetemeka, aumiaye ni mgonjwa.