Nani Kasema Sisimizi ni Mdogo?

Wabishi wa sinema nawajua, nimekaa nao vijiweni na ninawaheshimu, lakini kwa hili la Ant-Man tutagombana. Sinema yenyewe ilitoka mwaka 2015, mwongozaji Peyton Reed, stelingi Paul Rudd, na tangu hapo hukumu ni ileile: "Si mbaya, ila nyepesi." Nyepesi! Wanalitamka neno hilo kama daktari anayetaja ugonjwa. Na wanaolitamka kwa ukali kuliko wote ni waandishi chipukizi wenzangu, walioamini kwamba hadithi isiyoua watu mia haina la kusema.

Haya, tupime huo uzito. Miezi michache kabla yake, mwaka huohuo, Marvel haohao walitoa Avengers: Age of Ultron, ambamo mji mzima unang'olewa ardhini na kupandishwa mawinguni. Sawa, nilikodoa macho kama kila mtu. Lakini nitajie mkazi mmoja tu wa mji ule, alikuwa akipika nini asubuhi ile. Huna. Kwenye Ant-Man pambano la mwisho linapiganwa chumbani kwa mtoto, juu ya reli ya gari-moshi la kuchezea. Ukiwa na kimo cha sisimizi, gari-moshi lile linakujia kama mauti yenyewe. Picha ikirudi nyuma, kumbe ni kigari kidogo kinachoanguka relini, tik! Watu wanavunjika mbavu. Sasa tazama pembeni: mwenye chumba ni Cassie, binti wa stelingi, na adui kamfuata yeye. Jamani, mnataka uzito gani tena?

Nao unaanza mapema. Scott Lang ana shahada ya uhandisi wa umeme, katoka jela, kapata kazi ya kuuza aiskrimu, akagundulika kuwa aliwahi kufungwa, akafukuzwa. Mama wa mtoto anamwambia tafuta nyumba, tafuta kazi, lipa matunzo, ndipo tuzungumze habari za kumwona mtoto. Ndiyo anakwenda kuiba. Kijana wa mjini aliyewahi kuzungushwa na bahasha ya vyeti haambiwi mara mbili hapo. Anahangaika na kasha la chuma la mwaka 1910, analigandisha kwa ujuzi wote alionao mpaka mlango unaachia, na ndani anakuta nini? Suti kuukuu, kama ya mpanda pikipiki. Mwandishi mwenye haraka ya kutuliza angeweka barua ya marehemu.

Nije kwa Luis, yule rafiki mropokaji anayeigizwa na Michael Peña, kwa sababu hapa ndipo wenzangu wananiudhi hasa. Wanasema ni mchekeshaji tu wa kujazia. Luis anaulizwa swali dogo: habari za hilo kasha umezipata wapi? Anaanzia kwenye mvinyo! Alikwenda kuonja mvinyo na binamu yake, mwingi ulikuwa mwekundu na yeye mwekundu haupendi sana, lakini kulikuwa na wa rangi ya waridi uliookoa siku. Binamu naye kapata habari kwa fulani, fulani kwa msichana wa fulani. Wote hao tunawaona, midomo yao inacheza, ila sauti inayotoka ni ya Luis peke yake. Mtu aliyetazama mkanda uliosimuliwa na DJ Afro wa Kenya anaujua ufundi huu vizuri: stelingi, adui na mama wa stelingi wote wanasema kwa sauti moja ya msimulizi, naye anaongeza chumvi yake. Huo ndio umbea wa kibarazani, na umbea ni msimulizi mwenye mishipa. Sisi tukiandika tunaufuta, tunabakiza "alisema kwa huzuni". Halafu tunashangaa hatusomwi.

Wapo wengine wenye hoja ya kisomi. Eti sinema ingekuwa kali kama Edgar Wright asingejitoa mwaka 2014, baada ya kuishughulikia miaka mingi. Labda. Lakini jina lake lipo kwenye mswada, pamoja na Joe Cornish, Adam McKay na Rudd mwenyewe, na mimi siwezi kubishana na mkanda ambao haukupigwa.

Msinielewe kwamba kila kitu nakisifu. Adui, Darren Cross, ni mtu wa katoni. Anakasirika kwa sababu mswada umemwamuru. Na Hope, binti wa mzee Hank Pym, ndiye anayeujua wizi ule kuliko wote, ndiye anayemfundisha stelingi kupiga ngumi, lakini baba anamficha nyuma eti kwa mapenzi. Akasubiri hadi 2018 ndipo naye akavaa suti na jina lake likaingia kwenye bango. Hapo wabishi mngenikuta upande wenu. Mbona hamkusema? Mlikuwa mnalalamikia vichekesho.

Na mwaka 2023 mkapewa mlichokililia. Sehemu ya tatu, Quantumania, ikaacha mitaa ya San Francisco, ikaacha wizi, ikaingia kwenye ulimwengu wa chini ya chembe wenye majeshi, dola na dikteta anayetishia kila kilicho hai. Uzito tele! Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani kote. Hii haikufika, na maneno yenu juu yake yalikuwa makali kuliko yote mliyowahi kumtupia sisimizi. Nami niliitazama yote, mpaka majina ya mafundi yakapita. Luis hamna.