Mbwa Hupimwa Kimo, Mtoto Hukadiriwa kwa Jicho

Huko Ulaya upo mchezo wa mbwa ambao wananchi wengi wa Tanzania hawajapata kuuona. Mbwa hukimbia akiongozwa na bwana wake, huruka viunzi, hupenya katika mahandaki ya kitambaa na kupanda mbao za mteremko, na mshindi ni yule amalizaye upesi bila kosa. Mchezo huo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, ukiwa umeigwa kutoka mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi na kupata kanuni za kimataifa.

Kanuni mojawapo inastahili kutazamwa kwa makini. Kabla mbwa hajaruhusiwa kushindana, hupimwa. Husimamishwa mahali palipo sawa, na kimo chake huchukuliwa kutoka ardhini hadi sehemu ya juu ya mabega. Hakipimwi hadi kichwani, kwa kuwa kichwa huweza kuinuliwa au kuinamishwa. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, aliye chini ya sentimita 35 huwekwa katika kundi la wadogo. Wa sentimita 35 hadi chini ya 43 katika kundi la kati. Wa 43 hadi chini ya 48 katika kundi linalofuata. Na wa 48 na zaidi katika kundi la wakubwa. Mbwa mdogo huruka kiunzi cha sentimita 25 hadi 30, na mkubwa huruka cha 55 hadi 60.

Kundi la tatu katika hayo liliongezwa mwaka 2023. Kabla ya hapo, mbwa wa sentimita 44 alilazimika kuruka kiunzi kile kile alichoruka mbwa wa sentimita 60. Ilionekana kuwa hiyo si haki, na tena kwamba mnyama anaweza kuumia viungo kwa kulazimishwa kuruka kupita kiasi cha mwili wake. Kanuni ikabadilishwa. Mbwa hakupeleka malalamiko. Walioona dhuluma ni watu, na wakaiondoa.

Msomaji anaweza kucheka na kuuliza mambo ya mbwa wa Ulaya yanamhusu nini mwalimu wa Kinondoni au mtumishi wa serikali wa Temeke. Yanamhusu kwa sababu moja. Ikiwa mnyama hutengewa kundi kwa kipimo kinachojulikana na kuandikwa, ni aibu kwa mtoto wa binadamu kupangwa kwa kukisia.

Itazamwe Mwananyamala. Mtoto azaliwapo hospitalini hapo hupimwa uzito kabla hajamaliza siku yake ya kwanza. Mama hupewa kadi ya kliniki, na kwa miaka mitano mtoto huning'inizwa kwenye mizani, uzito wake ukaandikwa na tarehe ya kuzaliwa ikihifadhiwa juu ya kadi ile ile. Kisha mtoto hukua, huenda shule, huupenda mpira, na siku ya kuchagua timu kipimo chote hupotea. Hutazamwa kwa jicho. Aliye mfupi huambiwa ni mdogo, mwenye ndevu changa huambiwa ni mkubwa, na yule ambaye timu inamhitaji sana hupewa umri unaoitosha timu.

Jicho ni shahidi mbaya. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30. Hayo ni maendeleo, lakini maana yake bado ni kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu hakubeba kimo cha umri wake. Apangaye watoto kwa kimo na kuita kundi hilo umri humwadhibu mtoto wa maskini mara mbili: kwanza kwa chakula alichokosa, na pili kwa cheo cha uongo anachopewa uwanjani.

Hapana budi kueleweka kwamba kila mchezo una kipimo chake. Mbwa hupimwa kimo kwa kuwa anashindana na kiunzi, na kiunzi ni kimo. Bondia hupimwa uzito kwa kuwa ngumi hubeba uzito wa aitupaye. Titus Simba alipoiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, aliipata katika uzito wa kati, akipambana na watu wa uzito wake. Lau angepangwa na mabondia wa uzito wa juu, pengine ushujaa wake usingejulikana. Mashindano ya vijana nayo yamewekewa kipimo cha umri, kwa kuwa shabaha yake ni kulea vipaji vinavyokua. Kimo hakiwezi kushika nafasi ya umri, wala umri hauwezi kushika nafasi ya uzito.

Ni kweli kwamba nchi hii ina historia ya kutafuta umri bila karatasi. Wazee wengi wa leo waliandikishwa darasa la kwanza kwa kupitisha mkono juu ya kichwa. Aliyegusa sikio la upande wa pili alikubaliwa, aliyeshindwa alirudishwa nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1977, watoto walifurika shuleni na vyeti vilikuwa vichache. Mkono na sikio vilisaidia. Lakini njia ile ilikuwa ya kumfungulia mtoto mlango wa darasa, na mtoto hakuwa na sababu ya kudanganya ila hamu ya kusoma. Katika mashindano, wenye sababu ya kudanganya ni watu wazima.

Taifa limekwisha onja uchungu wa jambo hilo. Timu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, kisha ikaondolewa kwa kosa la kumchezesha mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yaligeuka: Tanzania ilipeleka malalamiko dhidi ya Kongo Brazzaville kwa kosa la namna ile ile, Kongo ikaondolewa, na Serengeti Boys wakaenda fainali za mwaka 2017 nchini Gabon. Mwaka 2019 fainali hizo zilichezwa Dar es Salaam, na hata baada ya kumalizika, Guinea iliyofika mchezo wa mwisho iliadhibiwa kwa udanganyifu wa umri na kupoteza safari ya Kombe la Dunia, ikaenda Senegal.

Ipo mashine ya kugundua hila hiyo. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI kutazama mifupa ya kifundo cha mkono na kuona kama imekwisha ungana. Kipimo hicho ni kizuri kwa timu ya taifa, lakini ni cha gharama kubwa, na humfikia kijana akiwa amekwisha danganya kwa miaka mingi. Uongo wa umri hauanzii uwanja wa ndege. Huanzia kwenye orodha ya timu ya shule.

Hapa ndipo mwalimu anapohusika. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yaliwekwa ili mwanafunzi ajenge mwili, nidhamu na urafiki. Walakini maneno mawili yamezoeleka mno katika mazungumzo ya michezo ya shule: mamluki na vijeba. Mamluki ni yule asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea. Kijeba ni yule aliyepita umri lakini angali anaitwa mtoto. Wote wawili hawajichagui. Huchaguliwa na mtu mzima anayetaka kikombe, na aghalabu mtu mzima huyo naye anasukumwa na mkubwa wake anayetaka sifa.

Hasara ya kikombe cha namna hiyo haionekani kwenye picha ya washindi. Yuko mtoto wa miaka kumi na miwili aliyefanya mazoezi mwaka mzima, akaachwa nyumbani ili kijeba apande basi. Yuko mwingine aliyepambana na mwili wa mtu mzima akavunjika mguu. Yuko pia kijeba mwenyewe, anayefundishwa na mwalimu wake kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa ni vitu vya kubadilishwa kwa faida. Ahadi za mwanachama, ambazo CCM ilizirithi kutoka TANU, humtaka mtu kusema kweli daima na kuona cheo kuwa ni dhamana. Mwalimu aandikaye umri wa uongo amevunja zote mbili kwa kalamu moja.

Wapo watakaosema kwamba ukali wa karatasi utawaumiza watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, ambao wengi wao ni wa maskini. Hoja hiyo ni ya haki na inastahili jibu. Jibu si kurudi kwenye kukisia. Mpango wa RITA wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulileta huduma hiyo kwenye kata na vituo vya afya, karibu na mama. Kwa mtoto aliyekosa cheti, ipo kadi ya kliniki, na ipo rejista ya shule iliyoandikwa siku alipoingia darasa la kwanza, wakati ambapo hakuna aliyejua kama atakuwa mchezaji. Tarehe iliyoandikwa siku hiyo na ifuatwe hadi mwisho. Mtoto asiwe na umri mmoja darasani na mwingine uwanjani. Na udanganyifu ukigunduliwa, aadhibiwe aliyeandika, mtoto alindwe.

Zaidi ya hayo, katika mazoezi ya shuleni mwalimu anaweza kutumia mizani na utepe wa kupimia. Watoto wa umri mmoja hawakomai kwa pamoja, na Uingereza, katika miaka ya 2010, vilabu vya soka vilijaribu kuwapanga vijana katika baadhi ya michezo kwa kadiri ya kukomaa kwa miili yao, ili mdogo apate kucheza bila kupondwa na mkubwa ajifunze kutumia akili badala ya nguvu. Jambo hilo halihitaji mashine. Linahitaji ukuta ulioandikwa sentimita, daftari, na mwalimu mwaminifu.

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, kwa imani kwamba michezo ni sehemu ya kujenga taifa. Taifa halijengwi kwa vikombe vya kuiba. Maafisa elimu wa wilaya na waratibu wa kata wana wajibu wa kuacha kumpima mwalimu kwa idadi ya vikombe, na waanze kumuuliza ni watoto wangapi halali amewapa nafasi ya kucheza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alelewaye kwa tarehe ya uongo atakuja kushika ofisi ya umma akiwa na kalamu ile ile aliyofundishwa.